N5 hadi N1: Ujue Kijapani Kiasi Gani Ndipo Upite

Mwanafunzi wa Kijapani akiuliza anatakiwa kujua nini ili apite mtihani wa JLPT, kwa kawaida hupewa hesabu: maneno 800 na kanji (herufi zenye asili ya Kichina) 100 kwa N5, ngazi ya chini, maneno 1,500 na kanji 300 kwa N4, na kuendelea hivyo mpaka maneno 10,000 na kanji 2,000 kwa N1. Hesabu hizi hazikutungwa hewani. Tatizo ni kwamba ni za mtihani wa zamani, na hata zamani, hesabu peke yake hazikumpitisha mtu. Anayekariri orodha nzima anaweza kufeli, na mwenye mapengo makubwa ya msamiati akapita. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuangalia mtihani unapima nini na alama zake zinapatikanaje.

Mtihani tunaouzungumzia ni Nihongo Nouryoku Shiken, unaofahamika zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, JLPT. Ulianza mwaka 1984 na huendeshwa na Japan Foundation pamoja na shirika la Kijapani la JEES. Mwanzoni ulikuwa na ngazi nne. Mwaka 2010 ulifumuliwa ukawa na ngazi tano, N5 ikiwa ya chini na N1 ya juu, na N3 ikachomekwa katikati kwa sababu pengo kati ya ngazi ya tatu na ya pili ya zamani lilikuwa refu mno. Watu walikuwa wakipita ya tatu halafu wanakaa miaka bila kuigusa ya pili. Hufanyika Jumapili ya kwanza ya Julai na Jumapili ya kwanza ya Desemba, ingawa si kila mji una awamu zote mbili. Kwa Afrika Mashariki, kituo kinachojulikana ni Nairobi, awamu ya Desemba. Usajili hufungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani, kwa hiyo anayeanza kuulizia mwezi wa Novemba ameshachelewa.

Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna insha, hakuna kuongea, hakuna kuandika kanji hata moja kwa mkono. Mtahiniwa anasiliba kiduara kwa penseli na kwenda swali linalofuata. Hilo linabadilisha sana maana ya "kujua". Anachohitaji mtahiniwa ni kulitambua neno alionapo au alisikiapo, na kulitambua haraka. Anayetumia saa mbili kila siku kuchora kanji mara hamsini hamsini anafanya kazi nzuri kwa ajili ya maisha yake, lakini kwa ajili ya mtihani huu nusu ya muda huo angeupeleka kwenye kusoma na kusikiliza.

Orodha za maneno zilitoka wapi

Kabla ya 2010 waandaaji walichapisha miongozo yenye orodha za maneno na kanji za kila ngazi. Humo ndimo zilimotoka hesabu maarufu: ngazi ya nne maneno 800 na kanji 100, ya tatu maneno 1,500 na kanji 300, ya pili maneno 6,000 na kanji 1,000, ya kwanza maneno 10,000 na kanji 2,000. Mtihani ulipobadilishwa, uchapishaji wa orodha ulikoma kabisa. Kwa hiyo kitabu au programu yoyote ya simu yenye kichwa "maneno yote ya N3" ni makisio ya mwandishi wake, yaliyopatikana kwa kupembua mitihani iliyopita na kugawanya orodha za zamani. Makisio ya N3 huwa karibu na maneno 3,700 na kanji 650, lakini ukifungua vitabu viwili utakuta havilingani.

Je, zitupwe? Hapana. N5 inalingana kwa karibu na ngazi ya nne ya zamani, N4 na ya tatu, N2 na ya pili, na N1 inagusa juu kidogo ya ya kwanza. Zitumie kama kipimo cha umbali wa safari. Usizitumie kama mkataba: karatasi ya mtihani haina wajibu wa kukaa ndani ya orodha yako, na kila awamu yataibuka maneno machache ambayo hukuyaona popote. Waandaaji wanategemea uweze kuyakisia kutokana na sentensi.

Alama: nusu inatosha, ila si nusu yoyote

Jumla ya alama ni 180 kwa kila ngazi. Za kupitia ni 80 kwa N5, 90 kwa N4, 95 kwa N3, 90 kwa N2 na 100 kwa N1. Ukizitazama haraka unapata faraja: N2, ngazi ambayo waajiri wengi Japani huitaka, inapitika kwa nusu kamili.

Ila kuna mlango wa pili. Kwenye N1, N2 na N3 alama zimegawanywa mafungu matatu ya 60 kila moja: maarifa ya lugha (yaani msamiati na sarufi), usomaji, na usikilizaji. Kila fungu lina kiwango cha chini cha alama 19. Kwenye N4 na N5 maarifa ya lugha na usomaji vimeunganishwa kuwa fungu moja la alama 120 lenye kiwango cha chini cha 38, na usikilizaji unabaki na 60 zake na kiwango cha 19. Ukianguka chini ya kiwango kwenye fungu moja umefeli, hata kama jumla yako inapendeza. Mtahiniwa wa N4 mwenye 90 kwenye fungu la kwanza na 17 kwenye usikilizaji ana jumla ya 107, zaidi ya zile 90 zinazotakiwa, na hapati cheti.

Huu ndio mtego unaowanasa wanaojisomea peke yao kwa vitabu na kadi za maneno. Macho yao yanajua Kijapani, masikio bado. Na wapo wa upande wa pili: walioishi Japani mwaka mmoja au miwili, wanaongea bila wasiwasi dukani na kazini, lakini wakiwekewa makala ya herufi 500 wanakwama aya ya kwanza.

Jambo jingine linalowachanganya watu ni kwamba alama hizo si idadi ya maswali uliyopata. Hukokotolewa kwa njia ya kitakwimu inayozingatia ugumu wa kila swali na mpangilio wa majibu yako, ili mtihani wa Julai na wa Desemba uwe na uzito mmoja hata kama maswali ya awamu moja yalikuwa magumu zaidi. Wawili waliopata idadi sawa ya maswali wanaweza kupewa alama tofauti. Hivyo huwezi kutoka chumbani ukahesabu kwa vidole kwamba umepita. Kwa mazoezi ya nyumbani, lengo la busara ni kupata theluthi mbili ya maswali katika kila fungu, usikilizaji ukiwemo. Ukiwa hapo una akiba ya kutosha kwa siku mbaya. Na kwa kuwa jibu la kosa halipunguzi alama, usiache kiduara chochote kitupu.

Kulijua neno ni kujua nini

Chukua neno la N5 kabisa, 学校, yaani shule. Mtahiniwa anaona kanji hizo zimepigiwa mstari ndani ya sentensi, na chini kuna majibu manne kwa hiragana (herufi za silabi za Kijapani): がっこう, がっこ, がこう, がくこう. Kwa herufi za Kilatini ni gakkou, gakko, gakou, gakukou. Anayejua kwamba neno hilo ni "shule" na hutamkwa "kitu kama gako" hana msaada wowote hapa. Swali halimuulizi maana. Linamuuliza kama k imeshikiliwa na kama o ya mwisho imevutwa.

Hapa msemaji wa Kiswahili ana bahati na ana balaa kwa wakati mmoja. Bahati ni kwamba irabu za Kijapani ni tano zilezile, a e i o u, na silabi karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo matamshi yanakaa mdomoni tangu wiki ya kwanza. Balaa ni urefu. Katika Kiswahili silabi ya pili kutoka mwisho hubeba mkazo na hurefuka kidogo yenyewe, basi sikio letu limezoea kuupuuza urefu kama mapambo ya sauti. Katika Kijapani urefu ni maana: obasan ni shangazi na obaasan ni bibi, kite ni njoo na kitte ni stempu. Tarehe nne ni yokka, tarehe nane ni youka, na mtungaji wa maswali anajua fika kwamba unazichanganya. Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: kila neno jipya lijifunze pamoja na sauti yake, likatie silabi kwa kupiga meza (ga-k-ko-u, mapigo manne), na usiliandike kamwe kwa herufi za Kilatini. Karatasi ya mtihani haina Kilatini. Aliyejifunza miezi sita kwa Kilatini anaanza upya.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu maneno 800, hesabu hiragana 46 na katakana 46 pamoja na vialama na michanganyiko yake. Hiragana wiki mbili zinatosha. Katakana watu huidharau kwa sababu hutumika zaidi kwa maneno ya kigeni, halafu wanafika kwenye mtihani hawawezi kutofautisha シ (shi) na ツ (tsu), ソ (so) na ン (n). Hapo neno la kukupa alama ya bure, kama レストラン, resutoran, linageuka fumbo.

Kwenye kanji mambo hubadilika kadiri unavyopanda. Kanji 100 za N5 ni namba, siku, watu, mielekeo, kula, kunywa, kwenda. Nyingi zinakaririka zikiwa picha. Kuanzia 300 hivi zinaanza kufanana: 待 (kusubiri), 持 (kushika), 特 (maalumu), 時 (wakati) zote zina upande mmoja wa kulia. Aliyekariri picha nzima anapotea. Aliyejifunza vipande vinavyounda kanji anaokoka. Na kanji nyingi zina angalau namna mbili za kusomwa, moja yenye asili ya Kichina na moja ya Kijapani, kwa hiyo "kujua kanji 300" bila maneno zinamotumika ni kujua nusu. Zijifunze ndani ya maneno. N1 inakaribia kanji zote 2,136 za orodha ya matumizi ya kawaida iliyowekwa na serikali ya Japani mwaka 2010, zile ambazo msomaji wa gazeti anategemewa kuzijua.

Saa saba ni ipi?

Usikilizaji wa N5 na N4 umejaa saa, tarehe, bei na idadi. Sauti huchezwa mara moja tu, hairudiwi. Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mtego hapa ambao vitabu vya kozi havitakuonya juu yake, kwa kuwa waandishi wake hawaujui: saa yetu na saa yao zimepishana kwa sita. Sikiliza mazungumzo haya ya kawaida kabisa:

"Eiga wa san-ji kara desu." (Filamu inaanza saa tisa.)
"Jaa, sanjuppun mae ni aimashou." (Basi tukutane nusu saa kabla.)

San ni tatu. Aliyezoea saa ya Kiswahili anasikia tatu, kichwa kinabadili kuwa saa tisa alasiri, halafu anaondoa nusu saa, anapata saa nane na nusu, kisha anatazama majibu manne yaliyoandikwa 2:00, 2:30, 3:00, 3:30 na kuanza kurudisha nyuma. Wakati huo swali linalofuata limeshaanza. Jibu ni 2:30, na angelipata kama angeacha kutafsiri. Anayejifunza Kijapani aibadilishe saa ya simu yake iwe ya kidijitali na aizoee kuisoma kwa Kijapani moja kwa moja, san-ji, yo-ji, shichi-ji, bila kupitia "saa tisa, saa kumi, saa moja". Ni jambo dogo linalochukua mwezi mmoja kukaa sawa, na linaokoa maswali kadhaa.

Idadi nazo zina kero yake. Kalamu moja ni ippon, mbili nihon, tatu sanbon. Mtu mmoja hitori, wawili futari, watatu sannin. Karatasi huhesabiwa kwa mai. Sisi tuliozoea watu wawili, vitabu viwili na miti miwili hatushangai kuona hesabu inafuata aina ya kitu. Kinachotaka mazoezi ni mabadiliko ya sauti: hon, bon, pon. Yakariri kwa wimbo kutoka moja hadi kumi, kwa sababu sauti ya kwenye mtihani haitangojea uyakokotoe.

Kuna pia maswali mafupi ya kujibu papo hapo: unasikia kauli moja, kisha majibu matatu, na hakuna kilichoandikwa kwenye kijitabu. Hapo msamiati mkubwa hausaidii sana. Kinachosaidia ni kujua watu husemaje: mtu akikuambia "shitsurei shimasu" anapoingia, unajibu nini. Mwenye kusikiliza mazungumzo halisi dakika 20 kila siku hulijua bila kufikiri. Kwa N5 usikilizaji ni dakika 30, N4 ni 35, N3 ni 40, N2 ni 50 na N1 ni 55, na uchovu wa masikio ni kitu cha kweli. Fanya mazoezi ya kusikiliza kwa muda wote huo bila kusimamisha, angalau mara kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Sarufi: pale panapowaangusha wengi

Kwa N5, sarufi inayohitajika ni vihusishi (wa, ga, o, ni, de, e, to, kara, made), vitenzi katika maumbo ya adabu na ya kawaida, umbo la -te, na aina mbili za vivumishi. Si nyingi, kitabu kimoja cha kozi ya mwanzo kinaimaliza. Ugumu ni kwamba mtihani hupenda kuuliza vihusishi viwili ambavyo Kiswahili hakivitenganishi. Sisi tunasema "nasoma kitabu maktabani" na "kuna kitabu maktabani", -ni ileile. Kijapani kinataka toshokan de kwa la kwanza, kwa kuwa ni mahali pa kitendo, na toshokan ni kwa la pili, kwa kuwa ni mahali kitu kilipo. Jozi za namna hii ziwe chache daftarini lakini zijulikane barabara.

N4 inaongeza maumbo ya kuweza, kutendwa, kutendesha, masharti ya aina nne, na heshima za mwanzo. Kwa Mswahili kutendwa na kutendesha si mzigo: lugha yetu nayo hubandika viambishi mwishoni mwa kitenzi, na jozi kama vunja na vunjika zinafanana sana na kowasu na kowareru. Mzigo uko kwenye vitenzi vya kupeana: ageru (kumpa mtu), kureru (kunipa mimi), morau (kupewa). Sikia sentensi hii: "Tomodachi ni shashin o totte moraimashita." Mwanafunzi ananasa tomodachi (rafiki), ni, shashin (picha), na haraka haraka anahitimisha kwamba rafiki ndiye aliyepigwa picha. Kumbe rafiki ndiye mpigaji; msemaji amepigiwa. Swali linalofuata huwa ni lilelile: nani alipiga picha?

Kisha kuna swali la nyota, linalotokea ngazi zote. Unapewa sentensi yenye nafasi nne na vipande vinne vilivyovurugwa. Nafasi moja ina nyota, nawe unataja kipande kinachokaa hapo. Mfano wa kiwango cha N4:

これは ＿＿ ＿＿ ★ ＿＿ です。

Vipande: くつ (viatu), 母に (kwa mama), きのう (jana), 買ってもらった (nilinunuliwa). Sentensi kamili ni これは きのう 母に 買ってもらった くつ です: hivi ni viatu nilivyonunuliwa na mama jana. Kwenye nyota panakaa 買ってもらった. Kiswahili huanza na viatu ndipo kikaeleza vya namna gani. Kijapani hurundika maelezo yote mbele, nomino ikaja mwisho. Anayelijua hili kwa damu hutafuta nomino, anaiweka mwisho, na kurudi nyuma. Sekunde 40 zinamtosha. Aliyejifunza sarufi kwa kukariri kanuni bila kusoma sentensi ndefu anaweza kukaa hapo dakika tatu, na hana dakika tatu.

N3 na N2 sarufi inageuka kuwa mamia ya misemo inayokaribiana maana: okage de na sei de zote zinaeleza sababu, lakini ya kwanza ni kwa heri na ya pili ni kwa lawama. N1 inaingiza misemo ya maandishi rasmi ambayo hata Mjapani haitumii sokoni.

Kuanzia N3, adui ni saa ya ukutani

Karatasi ya N5 huacha nafasi kati ya maneno. Kuanzia N3 herufi zinashikana mwanzo hadi mwisho, na maandishi yanarefuka: makala ndefu ya N3 ni herufi 550 hivi, ya N1 inafika 1,000. N3 hukupa dakika 30 za msamiati na 70 za sarufi na usomaji. N2 hukupa 105 na N1 110, lakini humo msamiati, sarufi na usomaji vyote viko pamoja, na hakuna anayekukumbusha ubadilishe sehemu. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wanaanza mwanzo wa kijitabu, wanang'ang'ania msamiati mgumu nusu saa nzima, na wanapofika makala mbili za mwisho zimebaki dakika kumi.

Mgawanyo unaofaa kwa N2 na N1 ni msamiati dakika 10 hadi 12, sarufi 15 hadi 20, na zote zinazobaki ni za usomaji. Neno ukilijua unalijua. Usipolijua, kulikodolea macho hakutakufundisha. Chagua, siliba, songa mbele. Kwenye usomaji anza kwa kusoma swali ndipo makala, na tangazo au jedwali la mwishoni lifanye mapema kwa sababu lina alama za haraka: linataka utafute bei au tarehe, halitaki ulielewe lote.

Saa za kusoma

Miongozo ya zamani ilitaja saa 150 za masomo kwa ngazi ya chini, 300 kwa inayofuata, 600 kwa ya pili na 900 kwa ya kwanza. Mbili za chini zinaaminika hata leo. Mtu anayesoma saa moja na nusu kila siku anafikisha 300 kwa siku 200, na akijifunza maneno mapya 10 kwa siku huku akirudia ya nyuma, maneno 1,500 ya N4 yanaisha kwa miezi mitano. Hizi mbili za juu zisadiki nusu. Mchina au mtu mwingine aliyekua na kanji anaweza kuzikaribia. Aliyeanza na 人 (mtu) akiwa na miaka ishirini na tano aziongeze mara mbili au zaidi. Kwa kulinganisha, taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani huweka Kijapani katika kundi gumu kuliko yote, saa 2,200 za darasani, wakati Kiswahili inakipa 900.

Na usirukie ngazi kwa sababu ya pupa. Kutoka N4 kwenda N3 maneno yanazidi mara mbili. Kutoka N3 kwenda N2 ndipo watu wengi huachia njiani.

Cheti cha nini?

Kiasi cha kujua kinategemea pia unakitakia nini. Kwa viza ya Tokutei Ginou iliyoanza Aprili 2019 kwa wafanyakazi wa sekta kama kilimo, hoteli na uangalizi wa wazee, N4 kwa kawaida inatosha, na waangalizi wa wazee huongezewa mtihani wa Kijapani cha kazi yao. Badala ya N4 wanaweza kufanya JFT-Basic, mtihani wa kompyuta wa dakika 60 ambao mpito wake ni alama 200 kati ya 250. Huu unapima zaidi mawasiliano ya kila siku, hivyo mwenye masikio mazuri na kanji chache huenda ukamfaa kuliko N4. Vyuo vikuu vinavyofundisha kwa Kijapani huwa vinataka N2 au N1, na vingi huongeza EJU, mtihani wa wageni wanaoomba kuingia vyuo vya Japani, unaofanyika Juni na Novemba. Katika mfumo wa pointi wa viza ya wataalamu wa hali ya juu, N1 huleta pointi 15 na N2 pointi 10.

Tangu awamu ya Desemba 2025 matokeo ya waliopita yanaonyesha pia kiwango cha CEFR, mizani ya Ulaya ya kupima lugha. N5 ni A1 na N4 ni A2. N3 ni A2 mpaka alama 103, na B1 kuanzia 104. N2 ni B1 mpaka 111, na B2 kuanzia 112. N1 ni B2 mpaka 141, na C1 kuanzia 142. Maana yake, yule aliyepita N2 kwa 90 na yule aliyepita kwa 130 sasa hawaonekani sawa kwenye karatasi. Cheti chenyewe hakina tarehe ya kuisha, ingawa baadhi ya vyuo na waajiri hutaka kilichopatikana ndani ya miaka miwili.

Kabla ya kulipia usajili

Tovuti rasmi ya mtihani ina maswali ya mfano ya kila ngazi pamoja na sauti, bila malipo. Chapisha karatasi, weka saa, fanya yote kwa mkupuo mmoja bila kamusi. Ukipata chini ya nusu kwenye fungu lolote na imebaki miezi mitatu, shusha ngazi au peleka saa zako zote kwenye fungu hilo. Ukimaliza usomaji kwa tabu lakini majibu uliyogusa ni sahihi, tatizo ni mwendo, na maneno mapya hayatalitibu. Soma makala fupi nyepesi kila siku, nyingi, chini ya kiwango chako. Ukipata msamiati vizuri na ukaanguka sarufi, rudi kwenye swali la nyota.

Siku yenyewe nenda na penseli za HB, kifutio, kibali chenye picha na saa ya mkono ya kawaida isiyolia. Saa janja haziruhusiwi, na simu ikilia chumbani unaweza kuondolewa matokeo yako yote. Usikilizaji ukishaanza hakuna anayeingia, kwa hiyo usiende mbali wakati wa mapumziko.

Matokeo yakitoka, usiishie kwenye kupita au kufeli. Karatasi ina herufi A, B au C kwa msamiati na sarufi: A ni aliyepata asilimia 67 ya maswali au zaidi, B kati ya 34 na 66, C chini ya hapo. Aliyefeli N3 kwa alama tano akiwa na A mbili na 21 ya usikilizaji hahitaji kununua kitabu kingine cha kanji. Anahitaji vipokea sauti vya masikioni na dakika 40 kila siku mpaka awamu ijayo.